Matairi ya gari linalovuta tela porini: anza na uzito, kashata baadaye

Maswali ni yale yale. Kila kambi za msimu zinapofungasha Ndutu kuelekea Kogatende, kuna kijana amekabidhiwa Land Cruiser mkonga na tela nyuma, naye ananipigia: "Kaka, niweke AT au MT?" Yaani kashata, zile nundu za juu ya tairi: za kila mahali au za matope? Namuuliza: tela lako likishapakiwa lina kilo ngapi? Simu inakuwa kimya.

Basi naandika mara moja, tusirudie. Mifano yangu ni ya njia ninazozijua: Arusha kwenda Natron, Ngorongoro na Serengeti. Hesabu hazibadiliki ukiwa unavuta tanki la maji Simanjiro au mizinga ya nyuki huko Itigi. Nazungumzia gari la foo wili la kawaida (Hilux, Prado, Land Cruiser, Patrol, Defender) na tela la ekseli moja. Mwenye lori atafute mwongozo mwingine.

Kabla hujaenda dukani

Kuwa na vitu hivi mkononi. Ukikosa viwili tu, muuza matairi ndiye atakayekuchagulia, na atakuchagulia yale yaliyojaa stoo kwake.

- Uzito wa gari na tela vikiwa vimepakiwa, kutoka kwenye mzani. Usikadirie kwa macho.
- Picha ya kibandiko cha mlango wa dereva, kile kinachoonyesha saizi ya tairi na upepo wa kiwandani.
- Idadi ya nati za kila gurudumu, la gari na la tela, na nafasi kati ya nati na nati.
- Geji ya upepo iliyo yako. Geji za vituoni kila moja ina ukweli wake.
- Jina la njia mbaya kuliko zote utakayopita, na mwezi utakaopita.
- Pesa ya matairi manane: manne ya gari, mawili ya tela, mawili ya spea. Huna ya manane leo? Nunua kidogo kidogo, lakini yawe ya saizi moja.

Hatua ya 1: Pima uzito

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye kazi yote. Tafuta mzani wa magari: kwenye ghala la mazao, machimbo ya kokoto, au kiwanda chochote kinachopokea malori. Pakia kila kitu kama siku ya safari, maji na mafuta yakiwemo, abiria wakiwa ndani. Kisha pima mara tatu:

a) Ekseli ya mbele ya gari peke yake juu ya mzani.
b) Ekseli ya nyuma ya gari peke yake, tela likiwa limefungwa lakini nje ya mzani.
c) Magurudumu ya tela peke yake, tela likiwa bado limefungwa kwenye gari.

Chukua mfano. Tela tupu kilo 480. Lita 400 za maji ni kilo 400. Mahema na vitanda 300, jenereta na mafuta 200. Jumla kilo 1,380. Tela likipakiwa vizuri, kama sehemu moja ya kumi ya uzito huo hulalia ndoano ya gari: kilo 140 hivi. Zinazobaki, 1,240, ziko juu ya matairi mawili, yaani 620 kila moja.

Sasa usinunue tairi la kilo 620. Barabara ikilala upande mmoja, au gurudumu likidumbukia korongoni, tairi moja hubeba sehemu ya mwenzake, na kila shimo linaongeza kipigo. Kanuni yangu kwa tela ni kuzidisha mara moja na nusu: 620 inakuwa 930. Kwa ekseli ya nyuma ya gari nazidisha kwa 1.25, kwa sababu gari lina shokapu nzuri, na dereva aliyekalia humo anausikia mgongo wake na kupunguza mwendo. Tela halina mtu wa kulisikilizia. Mzani ukisema ekseli ya nyuma ina kilo 1,760, kila tairi lina 880, ukizidisha unapata 1,100.

Andika namba hizo mbili kwenye karatasi: 930 kwa tela, 1,100 kwa gari. Karatasi hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani.

Na ukiwa hapo mzanini, jambo jingine. Magari mengi ya aina hii yanaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu kama tela halina breki. Tela la mfano wetu bila breki ni kosa ambalo tairi la bei yoyote haliwezi kulifuta. Soma kitabu cha gari lako.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Ukiona 265/70R16 112S, maana yake hii hapa. Upana ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni radial. Rimu ni ya inchi 16. Halafu 112 ni namba ya mzigo, na S ni herufi ya mwendo.

Kwetu sisi namba ya mzigo ndiyo yenye kauli. Hizi ndizo utakazokutana nazo sana:

104 – kilo 900
106 – kilo 950
108 – kilo 1,000
110 – kilo 1,060
112 – kilo 1,120
116 – kilo 1,250
120 – kilo 1,400
123 – kilo 1,550

Rudi kwenye karatasi yako. Tela la mfano linataka 106 au zaidi, gari linataka 112 au zaidi. Kwa kuwa tutavisha vyote viwili saizi moja (hatua ya 3), tafuta 112 kwenda juu kote. Ukiona namba mbili, mfano 120/116, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, ya pili ni ya matairi mawili yaliyobanana kama ya lori. Wewe soma ya kwanza.

Herufi ya mwendo isikusumbue. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Ndani ya Serengeti mwisho ni 50.

Angalia pia plai, kipimo cha uimara wa tairi. Utaona 6, 8 au 10, au herufi C, D na E kwenye matairi ambayo saizi yake inaanza na LT, yaani ya magari ya mizigo mepesi. C ni sawa na plai 6, D ni 8, E ni 10. Kwa kuvuta tela porini chukua LT ya D au E. Lakini kuna mtego: kilo zilizoandikwa ubavuni ni za tairi likiwa na upepo wake kamili, na kwa D hiyo ni 65 psi (kipimo cha upepo), kwa E ni 80. Ukishusha upepo, kilo nazo zinashuka. Mpira ni mfuko tu. Kinachobeba mzigo ni upepo.

Hatua ya 3: Livishe tela kiatu cha gari

Hapa nina kovu. Miaka ya nyuma nilikuwa na Hilux na tela lililoundwa kwa ekseli ya Land Rover ya zamani, kama yalivyo matela mengi ya kuchomelewa mitaani. Mbele ya Engaruka tairi la tela likachanika ubavu. Spea mbili nzima nilikuwa nazo, zote za Hilux. Hilux ina nati sita, ekseli ile ilikuwa na tano. Nililala pale pale na mbuzi wa wenyewe wakinizunguka, asubuhi nikapanda pikipiki na gurudumu mapajani kulifuata tairi Mto wa Mbu.

Kwa hiyo: nati sawa, rimu sawa, saizi sawa. Hizi zinasaidia kujua gari lako liko kundi gani:

- Hilux ya foo wili, Prado, Patrol na Isuzu D-Max: nati 6, duara la milimita 139.7 (upana wa duara linalopita katikati ya nati zote).
- Land Cruiser za 70 tangu 1999, na za 100 na 200: nati 5, duara la milimita 150.
- Land Cruiser za 70 kabla ya hapo, na ile mpya ya 300: nati 6, 139.7.
- Land Rover Defender ya zamani: nati 5, 165.1.

Nati zikifanana bado angalia tundu la katikati ya rimu. La rimu nyingi za Toyota za nati sita ni milimita 106, la Patrol ni 110. Rimu ya Patrol itaingia kwenye habu ya Toyota lakini itakaa na nafasi; ya Toyota kwenye Patrol haitaingia kabisa. Jaribu kwa mkono kabla hujalipa.

Ikiwa tela lako lina habu tofauti, nenda kwa fundi wa kereza akubadilishie habu zifanane na gari. Ni gharama ya mara moja. Usikubali vile vipande vya kuunganishia nati za aina mbili kwenye tela la kilo elfu na zaidi, nimeviona vimekatika.

Hapo hapo pima upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. La tela likanyage pale pale lilipokanyaga la gari. Tela jembamba au pana kuliko gari linachimba njia yake lenyewe kwenye mchanga na matope, na injini yako ndiyo inayolipia kazi hiyo.

Hatua ya 4: Sasa kashata

Kashata ni zile nundu za juu ya tairi, na ndizo zinazouza, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye picha. Aina ni tatu kwa herufi: HT ya lami, AT ya kila mahali, MT ya matope.

HT usiweke. Imebaki AT na MT, na jibu langu kwa watu tisa kati ya kumi ni AT. Njia zetu nyingi ni lami, kisha changarawe, kisha vumbi na mawe, kisha matope wiki chache. AT inavumilia vyote. MT kwenye lami ina kelele, inakula mafuta, na breki zake kwenye lami yenye maji si za kujivunia, hasa ukiwa na tani moja na ushee inayokusukuma mgongoni.

Anayehitaji MT kweli ni yule anayeingia kwenye mfinyanzi mweusi wakati wa masika, bila hiari ya kusubiri jua. Udongo ule ukilowa hujaza kashata za AT, na tairi linageuka kuwa mche wa sabuni. MT ina mifereji mipana inayotema tope gurudumu likizunguka kwa kasi. Maneno ya kushika hapo ni "likizunguka kwa kasi", kwa sababu ndiyo yanayoamua upande wa tela.

Gurudumu la tela haliendeshwi na injini. Linaburutwa, halizunguki kwa kasi kutema kitu. Ukilivisha MT, tope linaganda kwenye mifereji, linajaa chini ya madigadi, na gurudumu linakaba. Sasa unaburuta jembe. Tela livae AT hata kama gari limevaa MT, mradi saizi ni moja ili spea zikopeshane. Katika ekseli moja, hata hivyo, matairi yafanane kwa kila kitu. Spea iliyofungwa ikiwa tofauti na mwenzake ni ya kukufikisha kwenye fundi, taratibu, basi.

Mchanga wa makorongo hautaki kashata kubwa. Unataka tairi lililolegezwa upepo. Nimeona AT iliyoliwa nusu ikipita pale MT mpya ilipojizika hadi ekseli.

Hatua ya 5: Angalia ubavu kuliko uso

Njia ya Engaruka hadi Ngare Sero ina mawe ya volkano. Hayachomi uso wa tairi, yanachana ubavu. Na ubavu ukichanika haushoneki kwa kamba za pancha. Usimsikilize anayekuambia unashoneka.

Uliza dukani ubavu una plai ngapi, na hapa plai ni tabaka halisi za nyuzi. Matairi mengi yana mbili, baadhi ya LT yana tatu. Kwa mawe, lipia tatu. Ubavu uwe mrefu pia: 70, 75 au zaidi, juu ya rimu ya inchi 16 au 17. Rimu za inchi 18 na 20 zenye tairi jembamba kama mkanda ni za mjini. Hazina nafasi ya kushusha upepo, na shimo moja linaipinda rimu.

Rimu ziwe za chuma. Ikipinda unaigonga kwa nyundo juu ya jiwe na safari inaendelea. Ya aluminiamu ikipasuka imepasuka.

Miiba ya migunga ni habari nyingine. Hakuna tairi linaloizuia yote. Plai nyingi zinasaidia, lakini jipange kuziba pancha.

Hatua ya 6: Usipande saizi kwa sifa

Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 kimo cha tairi kinatoka milimita 777 hadi 834. Ongezeko ni asilimia saba. Dashibodi ikisema 80, wewe uko 86. Kibaya zaidi, kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia saba. Bila tela utaizoea. Ukiwa na tela, panda kutoka geti la Lodoare, Ngorongoro, hadi ukingo wa kreta uone gia ya tatu inavyokataa, na ukirudi kuteremka uone breki zinavyochoka. Na ikiwa tela limebaki na saizi ya zamani, umerudi kwenye kilio changu cha Engaruka.

Baki na saizi ya kibandiko, au panda hatua moja ndogo ikiwa saizi yako haipatikani mjini kwako. Upatikanaji nao ni sifa ya tairi: 265/70R16 na 7.50R16 utazipata hata Karatu. Saizi ya ajabu utaisubiri itoke Dar es Salaam.

Hatua ya 7: Kagua mbele ya muuzaji

Tafuta neno DOT ubavuni, ufuate mstari hadi namba nne za mwisho. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Zikiwa upande wa pili wa tairi, mwambie aligeuze. Tairi "jipya" la miaka minne stoo si jipya. Kwa tela mimi siweki lililozidi miaka sita hata kama kashata zimejaa, kwa sababu tela hukaa juani miezi bila kutembea, na mpira unakufa umesimama. Pinda ubavu kwa dole gumba: ukiona nyufa nyembamba kama za nyayo kavu, liache.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, la kulivisha tela matairi yaliyostaafu kwenye gari. Tairi lililoliwa nusu na lisilo na kovu ni sawa kabisa kwa tela. Lakini lile lenye viraka vitatu, uvimbe ubavuni, au kipara, litapasuka tela likiwa limejaa, na wewe hutajua hadi uone moshi kwenye kioo.

Gari lenye foo wili ya kudumu, kama VX au Prado, lipe matairi manne yenye kimo kimoja. Mawili mapya na mawili yaliyokwisha yanasokota difu ya katikati muda wote.

Hatua ya 8: Simamia yakifungwa

Tairi la tyublesi kwenye rimu ya tyublesi halihitaji tyubu. Ukilazimika kuweka tyubu, fundi apanguse ndani ya tairi na aondoe vibandiko vyote vya karatasi. Kibandiko kikikaa humo kitasaga tyubu hadi itoboke.

Onyo: Land Cruiser za zamani za 7.50-16 zina rimu za pete, zile za vipande viwili. Pete ikikaa vibaya na upepo ukijazwa, inaruka kwa nguvu ya kuua. Isijazwe mpaka gurudumu liwe ndani ya kizimba au limezungushiwa mnyororo, na hakuna mtu anayesimama mbele yake. Usione haya kumwambia fundi.

Balansi ifanywe kwa matairi yote, la tela pia. Nati zikazwe kwa kurukaruka msalaba, si kwa kuzunguka. Ukishatembea kilomita 50 simama uzikaze tena, na tena baada ya kipande cha kwanza cha makunyanzi, ile barabara iliyojikunja kama bati.

Hatua ya 9: Upepo

Hizi ni namba za kuanzia kwa mzigo wa mfano wetu na matairi ya LT, zikipimwa asubuhi matairi yakiwa baridi. Mpangilio ni mbele ya gari, nyuma ya gari, tela:

- Lami: 36, 48, 42.
- Changarawe na makunyanzi: 28, 38, 32, mwendo usizidi 60.
- Mchanga mwingi: 18, 22, 20, mwendo usizidi 30, usikate kona kwa ghafla.
- Mfinyanzi: 24, 28, 28.

Wengi hushusha upepo wa gari na kulisahau tela. Tela gumu kwenye mchanga ni nanga. Shusha yote sita.

Kisha zirekebishe kwa matairi yako. Tembea saa moja kwenye barabara ngumu, simama, pima yakiwa ya moto. Upepo ukipanda kati ya psi 4 na 6, uko sawa. Ukipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo, au mwendo ni mkali, au mzigo ni mzito. Ukipanda chini ya 4, ulijaza mno. Usiupunguze upepo tairi likiwa la moto kwa sababu tu geji imepanda. Likipoa utabaki na tairi legevu. Ujue pia kwamba tairi lililojazwa saa saba mchana litasoma psi mbili tatu pungufu alfajiri bila kuwa na pancha.

Kutoka Natron ukifika lami ya Mto wa Mbu, jaza kabla hujaingia barabarani. Kompresa ndogo ya betri itachukua muda mrefu kwa matairi sita, kunywa chai. Tairi la tela lenye 20 psi likikimbizwa 80 kwenye lami ya moto linapika mpira wake, na mara nyingi halifiki Makuyuni.

Vya kubeba siku zote: spea mbili, kompresa, geji, kamba za pancha na gundi yake, tyubu mbili za saizi yako, valvu za akiba, wili spana, jeki mbili na ubao mnene wa kuwekea jeki kwenye mchanga. Hakikisha jeki inafika chini ya ekseli ya tela. Jeki nyingi za gari hazitoshi kule.

Mambo yakiharibika

Tela linayumba kushoto na kulia kwenye lami. Usifunge breki ghafla wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke wenyewe. Kisha simama uangalie mzigo: kilicho nyuma ya ekseli kisogezwe mbele hadi ndoano ibebe ile sehemu moja ya kumi. Pima upepo wa matairi ya nyuma ya gari pia, maana yakilegea gari zima linacheza.

Tairi moja la tela ni la moto kuliko mwenzake. Gusa habu kwanza. Habu ikiwa ya moto, shida ni beringi au breki iliyoshika, na kubadili tairi hakutasaidia. Habu ikiwa baridi na tairi moto, upepo umepungua.

Kashata zinaisha katikati: upepo mwingi. Zinaisha kingo mbili: upepo mdogo au mzigo mzito. Ukingo mmoja tu kwenye tela: ekseli imepinda, na kwa ekseli za kuchomelewa jambo hilo ni la kawaida, mpelekee fundi ainyooshe. Zinaisha kwa mabonde mabonde: shokapu zimekufa, beringi zinacheza, au hakuna balansi.

Vipande vya kashata vinang'oka kwenye mawe. Ulikimbia na upepo mwingi. Punguza psi nne, punguza mwendo.

Tyubu inatoboka pale pale kila mara. Ncha ya mwiba imebaki ndani ya mpira. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa palipo na ncha; usipitishe vidole.

Valvu ya tyubu imelala upande. Tairi limezunguka juu ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo, nalo limeivuta tyubu. Toa upepo wote, rudisha valvu wima, jaza upya. Ukiacha hivyo itang'oka.

Tairi limetoka kwenye rimu mchangani. Inua gurudumu, futa mchanga wote kwenye mdomo wa tairi na wa rimu, paka maji ya sabuni, ng'oa kijiti cha ndani cha valvu ili upepo uingie kwa kasi, zungushia mkanda wa mizigo katikati ya tairi na uukaze mpaka midomo iguse rimu, kisha jaza. Likishika, legeza mkanda kabla ya kuendelea. Likikataa, ndiyo kazi ya ile tyubu uliyobeba.

Ubavu umechanika na spea zote zimekwisha. Kata kipande cha mpira kutoka tairi bovu, kipana kuliko jeraha kwa vidole vinne kila upande, kikae ndani kati ya tairi na tyubu, weka tyubu, jaza hadi 30 tu. Shusha tela nusu ya mzigo, maji yawe ya kwanza kumwagwa au kuachwa kijiji cha jirani, na uende kilomita 20 kwa saa hadi kwenye fundi. Kila kilomita tano simama ulipapase.